Regulata inapumua vizuri, ya nini kuipeleka kwa fundi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Jambiani, kazi yangu kuwaongoza wageni wanaozamia. Miaka miwili iliyopita mgeni aliyekuwa anarudi kwao aliniuzia regulata (kifaa cha kupumulia majini), jaketi la kuelea na geji zake kwa bei ya kirafiki. Tangu siku hiyo nimezamia nazo kama mara 300 na hazijanisumbua hata siku moja. Kila jioni naziosha kwa maji ya kisima, na oringi, zile pete za mpira za kuzibia, nazipaka mafuta ya mgando. Sasa bosi anasema asiye na risiti ya sevisi hapandi boti msimu ujao. Fundi niliyemuuliza kanitajia bei inayokaribia nusu ya mshahara wangu. Kama kifaa kinapumua vizuri, sevisi ya nini? Huu si ujanja wa kuuza vipuri?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la ujanja, maana najua ndilo linalokuchoma. Ujanja upo. Wapo mafundi wanaofuta vumbi kwa kitambaa, wanakutolea risiti, na ndani hawajagusa kitu. Nitakueleza huko mbele namna ya kuwabana. Lakini bosi wako ana haki, japo pengine hajui sababu yake hasa. Hilo neno lako, "inapumua vizuri", ndilo ninaloliogopa kuliko yote uliyoyaandika.

Tazama kinachotokea ndani. Mtungi wako una hewa ya bar 200 hivi (bar ni kipimo cha mgandamizo). Kile kichwa cha chuma unachokifunga kwenye mtungi, yaani hatua ya kwanza, kinaishusha mpaka kama bar 9 au 10 juu ya mgandamizo wa maji yaliyokuzunguka. Kisha kile cha mdomoni, hatua ya pili, kinaishusha tena hadi kiasi ambacho pafu lako linaweza kuvuta. Sasa kati ya zile bar 200 na mpira unaokuja mdomoni kwako kuna siti moja, yaani kizibo cha plastiki ngumu, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kila unapovuta pumzi inafunguka, kila unapoacha inagonga ukingo wa chuma na kuziba. Chukua mzamo wa dakika 45, pumzi 15 kwa dakika: hizo ni pumzi 675. Zidisha kwa mizamo yako 300. Siti hiyo imeshagonga chuma zaidi ya mara 200,000, na wewe hujawahi kuiona sura yake.

Kila inapogonga inachimbika kidogo. Mwanzoni lile alama la mviringo halina neno, hata linasaidia kuziba. Likizidi, hewa huanza kupenya polepole. Mpira uliotakiwa ukae kwenye bar 9.5 unapanda hadi 10, 11, 12. Na hapa ndipo wazamiaji wengi wanapodanganyika: kwenye regulata nyingi za kawaida, mgandamizo ukipanda namna hiyo valvu ya mdomoni inakuwa nyepesi zaidi kufunguka. Kwa hiyo kifaa kinachoelekea kuharibika kinaweza kukupa pumzi laini kuliko kilipokuwa kizima. Mtu anaisifia regulata yake siku chache kabla haijaanza kumwaga hewa.

Valvu ya mdomoni imeundwa ifunguke kuelekea upande hewa inakokwenda, makusudi, ili ikiharibika imwage hewa badala ya kukunyima. Ni ubunifu mzuri. Lakini kumwaga hewa ukiwa mita 28 na wageni wanne nyuma yako maana yake mtungi uliojaa unaisha kwa dakika chache. Hutakufa kwa kukosa hewa papo hapo, la, ila utapanda kwa haraka ambayo hukuipanga, na wale wageni watakufuata wewe.

Wazee wa ufundi huu hupenda kukumbusha kwamba asili ya regulata ni gari. Émile Gagnan, injinia Mfaransa, alikuwa na valvu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyotembea kwa gesi wakati wa vita, petroli ilipokuwa adimu. Mwaka 1943 yeye na Jacques Cousteau wakaigeuza iwe ya kuzamia. Basi na wewe ifikirie kama gari. Hakuna dereva wa daladala anayesubiri injini izime ndipo abadilishe oili.

Sasa tuje kwenye kuosha, maana hapo ndipo mkono wako una kazi kubwa kuliko wa fundi.

Jambiani maji ya kisima mengi yana chumvi. Wewe mwenyewe unajua chai yake ilivyo. Huko mashariki ya Unguja ardhi ni mawe ya matumbawe, bahari inaingia chini kwa chini, na ukivuta maji kwa pampu kiangazi chote ndiyo inazidi kusogea. Kwa hiyo kila jioni umekuwa ukitoa chumvi nyingi na kuacha chumvi kidogo, na hiyo kidogo inajilimbikiza. Jaribu hivi: chukua beseni jeusi, mimina tone la maji yako, liache likauke juani. Likiacha duara jeupe, hayo si maji ya kumalizia kuoshea regulata. Tumia ya kisima kwa mkono wa kwanza, kisha malizia kwa maji ya mvua. Kama nyumbani mna simtank linalokinga maji ya bati, umeshapata dawa na haikugharimu kitu.

Na usimimine tu, loweka. Chumvi iliyokwisha kukauka haitoki kwa kumwagiwa kata mbili za maji, inahitaji muda kuyeyuka. Nusu saa kwenye beseni, na kama maji yamekaa juani yakapata uvuguvugu, bora zaidi. Lile pipa la kuoshea la pamoja pale kituoni nalo uliangalie kwa jicho la wasiwasi. Seti ya kwanza inaoshwa kwa maji safi, ya ishirini inaoshwa kwa bahari iliyopunguzwa makali.

Kabla ya kulowesha chochote, kausha ule mfuniko wa vumbi wa hatua ya kwanza kisha uufunge sawasawa. Ukaushe kwa kitambaa. Tabia ya kuupulizia hewa ya mtungi siipendi, hurushia matone kwenye tundu lile lile unalotaka kulilinda. Na regulata ikiwa majini bila hewa ndani yake, usibonyeze kitufe cha mbele cha hatua ya pili. Ukibonyeza unafungua valvu, na maji yanapanda kwenye mpira mpaka kule kwenye siti. Njia nzuri kuliko zote ni kuiosha ikiwa imefungwa kwenye mtungi wenye hewa. Hapo bonyeza utakavyo, hewa inatoka na maji hayaingii.

Ukitaka kujua kama umewahi kukosea, chukua tochi umulike tundu la hatua ya kwanza, pale hewa inapoingilia. Utaona filta ndogo ya chuma. Ikiwa inang'aa rangi ya fedha au shaba safi, vizuri. Ikiwa ya kijani, maji ya chumvi yalishaingia, shaba inaliwa. Ikiwa ya kahawia, kuna kutu inayotoka kwenye mtungi wa chuma wa mtu fulani. Ikiwa nyeusi, niambie haraka, maana hiyo mara nyingi ni makaa au mafuta kutoka kwenye kompresa, ile mashine inayojaza mitungi hewa, na hapo shida si ya kwako peke yako.

Mafuta ya mgando uyaache kabisa. Najua yanapatikana kila duka na yanateleza vizuri. Lakini yametokana na mafuta ghafi ya petroli. Oringi za mpira mweusi huyavumilia kiasi, ila vipande vya silikoni, kama kile unachong'ata na ngozi laini za ndani (yaani tando nyembamba), vinavimba na kulegea. Na kama siku moja kifaa hicho kitapitishiwa hewa iliyoongezwa oksijeni kwa wingi, mafuta ya namna hiyo kwenye mgandamizo mkubwa yanaweza kuwaka moto. Nunua kopo dogo la grisi ya silikoni, litakukalia miaka. Hata hiyo paka kwa uchache, oringi ing'ae tu. Ukiijaza inanasa mchanga.

Halafu pa kuhifadhi. Kivulini, kwenye upepo, mipira isikunjwe kwa nguvu. Nisicheke, lakini nimewahi kufungua hatua ya pili nikakuta mende mzima amejikunyata kwenye ngozi, na nyingine nyigu alishaanza kujenga nyumba ya udongo kwenye tundu la kutolea pumzi. Huku kwetu vifaa vinavyolala stoo wakati wa masika vinapata wapangaji. Vitie kwenye mfuko wa kitambaa, ufunge mdomo.

Umeniuliza sana habari ya regulata, lakini kwangu mimi kinachonitisha zaidi kwenye seti kama yako ni jaketi. Watu huliona ni nguo. Lile ni puto lenye valvu tatu au nne, na mojawapo, ile ya kujazia, imeunganishwa moja kwa moja na mtungi. Ndani yake kuna springi ndogo sana. Chumvi ikiganda pembeni ya kitufe, ukibonyeza kinazama na hakirudi.

Mimi limenikuta. Ilikuwa Mafia, msimu wa papa potwe, nikiwa na jaketi la kuazima ambalo mwenyewe aliapa limeoshwa. Mita 18 nikagusa kitufe kidogo nijiweke sawa, kikang'ang'ania. Hewa inaingia tu. Nilikuwa nawafundisha wengine kila wiki kwamba hapo unachomoa mpira wa kujazia kwenye jaketi, kisha unatoa hewa, lakini mpaka mkono wangu unaupata ule mpira nilikuwa nimeshapanda mita sita. Kumbuka hewa iliyomo kwenye jaketi ukiwa mita 20 inakuwa mara tatu ukifika juu, na iliyomo kwenye mapafu nayo vivyo hivyo. Nilishuka boti kichwa kinaniuma na aibu juu yake. Kitufe tulikiloweka kwenye siki usiku mmoja, asubuhi kikawa kinacheza kama kipya. Gharama yake ilikuwa kikombe cha siki.

Kwa hiyo jaketi lioshwe ndani pia. Tia kama lita moja ya maji safi kupitia mdomo wa kujazia, puliza hewa, ligeuzegeuze, kisha lining'inize kichwa chini maji yatoke kwenye kila valvu. Ukiyaonja yale yanayotoka utashangaa yalivyo makali. Lihifadhi likiwa na hewa kidogo ili kuta za ndani zisigandane. Na mara moja kwa mwezi lijaze kabisa jioni, uliache mpaka asubuhi. Likiwa limenywea, lizamishe kwenye maji utafute mapovu. Hiyo ni kazi yako, usimlipe mtu.

Mipira: vuta nyuma ile mikono ya plastiki inayofunika maungio ya chuma, kisha ukunje mpira polepole ukitazama nyufa. Hapo ndipo uchovu unapoanzia, na hapo ndipo watu hawatazami, kwa sababu pamefunikwa. Kama mipira yako ni ile ya kusukwa, iulizie umri. Baadhi ya ile ya zamani ndani yake ina plastiki ambayo kwenye nchi za joto hubadilika ikafanya vipande vigumu kama chumvi ya mawe. Vikikusanyika vinaweza kuziba njia ya hewa, na kwa nje mpira unaonekana mzuri kabisa. Ni hitilafu inayokunyima hewa badala ya kuimwaga, ndiyo maana siichezei.

Mtungi si wako, ni wa kituo, lakini mdomo unaoweka ni wako. Soma ile mihuri iliyogongwa shingoni. Sehemu nyingi duniani desturi ni kuupima kwa maji ya mgandamizo kila miaka 5, na kuutazama ndani kwa taa mara kwa mara, wengi hufanya kila mwaka. Ukikutana na mtungi wa aluminiamu uliotengenezwa kabla ya 1988, uliza umetengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) gani. Kulikuwa na aina moja, 6351, ambayo baadhi yake imepasuka shingoni baada ya miaka mingi ya kubeba mgandamizo. Na usimalize hewa yote. Rudi na bar 30 au zaidi, ili bahari isipate njia ya kuingia. Maji ya chumvi kwenye mtungi wa chuma uliokaa stoo yanafanya kutu, na kutu inakula oksijeni ya hewa iliyomo. Mtu anaweza kuvuta hewa isiyo na harufu yoyote mbaya, akazimia.

Na kompresa? Hapo sina lugha ya upole. Wakati Unguja ilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa kukatika kebo ya umeme, kila uchochoro ulikuwa na jenereta. Niliwahi kufika mahali nikakuta mpira wa kompresa wa kuvutia hewa umening'inia hatua tano kutoka kwenye bomba la moshi, upande ule ule upepo unakoelekea. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, kinaruhusu monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, isizidi sehemu 5 kwa milioni. Kiasi hicho ni kidogo kwa sababu ukifika mita 30 nguvu yake mwilini ni mara nne. Haina harufu, na filta ya kawaida ya makaa haiizuii. Ukiingia kazini asubuhi, tazama moshi unaelekea wapi kabla hujatazama bahari.

Turudi kwa fundi na pesa yako. Viwanda vingi husema sevisi kila mwaka au kila mizamo 100, na baadhi wameruhusu miaka 2, ukaguzi tu katikati. Wewe una 300, na huko nyuma kabla hujainunua hakuna anayejua. Kwa hiyo siwezi kukwambia subiri. Ila kuhusu kulipa, lipa kwa macho. Mwambie fundi akupimie mgandamizo wa katikati, yaani zile bar 9 au 10 zinazotoka hatua ya kwanza, mbele yako kabla hajafungua: sindano inatakiwa ipande, isimame, ikae. Ikiwa inasimama kisha inajikokota kwenda juu, hiyo ndiyo siti niliyokusimulia. Akimaliza apime tena, na akuandikie namba zote mbili kwenye risiti. Na vipuri vya zamani akurudishie kwenye kimfuko. Itazame ile siti kwa jua, utaona mwenyewe pete iliyochimbika. Fundi anayekataa kurudisha mabaki, usimrudie.

Kufungua mwenyewe sikushauri. Kufungua si kazi, hata mtoto anafungua. Kazi ni kufunga kwa nguvu inayotakiwa, na kupima. Lakini kuna majaribio mawili yasiyohitaji spana. La kwanza, regulata ikiwa haina mtungi na mfuniko umefungwa, vuta kwa mdomo kwenye hatua ya pili. Usipate kitu. Ukipata hewa, kuna ngozi iliyotoboka, chembe ya mchanga kwenye valvu ya kutolea pumzi, au ufa kwenye kile unachong'ata. La pili, ukishafungua mtungi, vuta pumzi nne nzito huku unatazama geji. Sindano ikicheza kushuka na kupanda kwa kila pumzi, mtungi haujafunguliwa wote au kuna kitu kimeziba. Fanya hayo kila asubuhi kabla ya boti kuondoka, si baada ya kufika kisiwa cha Mnemba.

Jambo jingine ambalo mafundi hatupendi kulisema: sevisi nayo huleta hitilafu. Mimi nimewahi kurudisha regulata kwa mteja nikiwa nimesahau kubana kiungo kimoja, akagundua yeye bafuni kwake, alhamdulillahi. Kifaa kilichotoka mezani kwa fundi leo usikipeleke mita 30 kesho. Kianze kwenye beseni, ukitafuta mapovu, halafu mzamo mmoja wa mita 5 peke yenu wenyeji bila wageni.

Kama fedha haitoshi kwa vyote, anza na hatua ya kwanza na ile ya mdomoni. Ya akiba, ile ya njano, usiiache nyuma, maana ndiyo utakayompa mgeni aliyeingiwa na hofu. Jaketi ulishughulikie mwenyewe kama nilivyokwambia. Na muda uwe masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache na boti nyingi zimepandishwa. Mkijikusanya watano au sita wa ufukwe mmoja mkaleta pamoja, fundi yeyote mwenye akili atawapunguzia, na bosi mnaweza kumwomba achangie, kwa kuwa vifaa hivyo vinabeba wageni wake.

Kabla hujalipa hata shilingi, nitumie aina ya regulata na namba iliyochongwa kwenye hatua ya kwanza. Seti za kununua kwa wageni nyingine zimeshaachwa kutengenezewa vipuri, na kama yako ni mojawapo, fedha ya sevisi ni afadhali uiweke kwenye nyingine. Na ukija, njoo na mfuniko wa vumbi. Nyingi zinafika mezani kwangu bila huo, zimezibwa kwa gunzi na mpira wa manati.